Alimentasio ya kompyuta si kitu cha kununua kwa makuta yaliyobaki

Kijana wa Kasaji anayekusanya makuta ili ajijengee kompyuta ya michezo anafuata njia ambayo kila muuzaji wa Kolwezi anaijua. Anaanza na kadi ya grafiki. Kisha prosesa, kadi mama, memori, diski, na sanduku lenye kioo ubavuni na feni zinazobadilisha rangi. Mwishoni, kama mfukoni kumebaki dola 15 ao 20, ndipo anauliza: «Yaya, hakuna alimentasio ya bei ya chini?» Iko. Iko siku zote. Imeandikwa 500W kwa herufi kubwa, ina taa yake ya bluu, na mtu akiiweka mkononi anaona ni nyepesi kama mkate.

Mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Mara tu kadi ya grafiki inapojulikana, makuta ya alimentasio yawekwe pembeni na yasiguswe tena, hata kama itabidi kuacha kioo na taa za rangi. Hilo ni kweli popote duniani, lakini ni kweli zaidi katika jimbo la Lualaba, na zaidi tena Kasaji, zaidi ya kilometa 200 magharibi ya Kolwezi kwenye njia ya reli ya Dilolo. Kule, kifaa kilichoungua leo hakibadilishwi kesho. Kinangoja gari, ao treni, ao ndugu anayerudi kutoka mjini, na wakati wa mvua kinangoja zaidi.

Kazi ya kisanduku hicho si ngumu kueleza. Ukutani kunatoka umeme wa volti 220 unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Kompyuta haiwezi kuunywa umeme huo. Inataka umeme ulionyooka, wa volti 12 kwa vitu vinavyokula sana, na volti 5 na 3.3 kwa vitu vidogo. Alimentasio inapokea wa kwanza na kutoa wa pili. Wakaaji wa Kolwezi wana mfano mkubwa wa kazi hiyo mlangoni mwao: tangu 1982, laini ya umeme kutoka Inga inasafiri karibu kilometa 1 700 ikiwa na umeme ulionyooka wa volti elfu 500, na kituo cha Kolwezi kinaugeuza uwe umeme wa kwenda na kurudi kwa ajili ya viwanda vya shaba. Alimentasio ya kompyuta inafanya kazi ileile kwa upande wa kinyume, ndani ya kisanduku kinachoenea kwenye mikono miwili. Hakuna mhandisi ambaye angejenga kituo kile kwa makuta yaliyobaki baada ya kununua rangi ya kuta.

Uzito wa kisanduku unasema jambo. Ndani ya alimentasio nzuri kuna nyaya nyingi za shaba zilizozungushwa kwenye transfoma na kwenye vichujio, kuna vipande vinene vya aluminiumu vya kupoza joto, kuna kondensateri kubwa. Ile ya dola 15 imeondolewa vitu hivyo kimoja kimoja. Mahali pa kichujio cha mlangoni pameachwa tundu tupu, ao pamewekwa kipande cha waya tu. Nyaya zinazotoka nje ni nyembamba, na mara nyingine si shaba tupu bali aluminiumu iliyopakwa shaba juu. Inauma kidogo kufikiri kwamba shaba inayotoka Lualaba kwa malori na kwa mabehewa inarudi katika maduka ya Lualaba ikiwa imepunguzwa namna hiyo. Uzito peke yake hautoshi kuwa ushahidi, kwa maana kuna watengenezaji waliowahi kuweka kipande cha chuma ndani ili kudanganya mkono. Lakini kisanduku chepesi sana hakihitaji ushahidi mwingine.

Ushahidi wa kweli uko kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni. Watu wengi wanasoma namba moja tu, ile kubwa, na namba hiyo ndiyo yenye maana ndogo kuliko zote. Inayopaswa kusomwa ni ile ya mstari wa volti 12, chini ya herufi A, yaani amperi. Hesabu yake mtoto wa shule anaiweza: amperi mara 12 ni wati. Kisanduku kilichoandikwa 500W mbele, lakini ubavuni kinaonyesha 12V na 18A, kina wati 216 tu kwa ajili ya prosesa na kadi ya grafiki. Wati nyingine zilizobaki kwenye hesabu ya muuzaji ziko kwenye volti 5 na 3.3, ambako kompyuta ya leo karibu haigusi. Alimentasio ya kweli ya wati 550 inaonyesha amperi 40 na zaidi kwenye 12V. Wenye vijenereta vidogo vya petroli wanaujua mchezo huu tangu zamani: mbele kumeandikwa 950, nyuma kwenye kibati kunasomeka wati 650, na siku ya kuwasha friji ndipo namba ya nyuma inapojulikana.

Je, kompyuta ya michezo inakula kiasi gani? Hapa kuna makosa mawili yanayopingana, na yote mawili yanaharibu makuta.

Kosa la kwanza ni la yule wa dola 15. Tuseme amenunua prosesa ya Ryzen 5 5600, ambayo imeandikwa wati 65 lakini ikikazwa inavuka hapo, basi tuihesabu 88. Kadi yake ya grafiki ni RTX 3060, wati 170. Kadi mama, memori, diski na feni zote pamoja zinaweza kuhesabiwa wati 50. Jumla ni karibu wati 310, na karibu zote zinatoka kwenye mstari wa 12V. Kisanduku chake cha wati 216 hakitazimika siku ya kwanza. Kitawasha kompyuta, kitaonyesha picha, kitafungua mchezo. Kijana atafurahi. Kisha, katikati ya mechi, skrini itakuwa nyeusi. Atafikiri ni virusi, atafuta programu na kuzipanga upya, atamlipa fundi, atabadilisha memori, na kisanduku kitaendelea kuchemka pale chini kimya kimya. Ugonjwa wa alimentasio una tabia hiyo mbaya ya kuvaa nguo za magonjwa mengine.

Tena kadi za grafiki hazili kwa utulivu. Zinaruka. Kadi yenye wastani wa wati 170 inaweza kwa kipande kidogo sana cha sekunde kuomba nyingi kuliko hizo, na kadi kubwa za mfululizo wa RTX 3000 zilijulikana kwa kuomba karibu mara mbili. Ndiyo sababu kanuni ya ATX 3.0, iliyotoka 2022, inadai alimentasio mpya iweze kuvumilia mruko wa mara mbili ya wati zake kwa muda huo mfupi sana. Ndiyo sababu pia kampuni ya NVIDIA inapendekeza alimentasio ya wati 550 kwa RTX 3060, ingawa hesabu ya juu imetoa 310. Wati zinazozidi si anasa. Zinapokea miruko, zinasaidia kisanduku kisifanye kazi kwenye joto la mwisho, na zinaacha nafasi kondensateri zitakapozeeka.

Kosa la pili ni la mwenye makuta. Huyu amesikia kwamba alimentasio ni kitu cha maana, basi anaagiza ya wati 1 000 kwa kompyuta inayokula 310. Hakuna kitakachoungua, kwa sababu kisanduku kinatoa kile tu kinachoombwa. Lakini tofauti ya bei ingemnunulia onduleri nzuri ao betri, vitu ambavyo Lualaba vina faida kubwa kuliko wati zinazolala. Alimentasio ya wati 550 yenye jina la kuaminika inapatikana kwenye soko la dunia kwa dola 50 hadi 70. Kwa mashine nyingi zinazojengwa Kolwezi na Kasaji, hiyo inatosha. Anayefikiria RTX 3080 ya wati 320 ao zaidi, huyo apande hadi 750. Wenye RTX 4090, ambayo peke yake inakula hadi wati 450, ni wachache, na bila shaka wana fundi wao.

Kuko pia njia ya tatu ambayo vijana wengi wanaidharau bure. Kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya zinafika Kolwezi kwa wingi, Dell OptiPlex na ndugu zake. Alimentasio zao zimeandikwa wati 240, 275, 290 hivi, namba ndogo zinazochekesha kando ya ile 500 ya bluu. Lakini ni namba za kweli. Kisanduku cha ofisi cha wati 275 kilijengwa ili kifanye kazi saa nane kila siku kwa miaka. Ukiingiza humo kadi ya GTX 1650 isiyohitaji waya wa pembeni, ambayo inakula wati 75 tu kupitia kadi mama, michezo mingi ya mpira na ya magari inacheza vizuri. Kinachohitaji uangalifu ni plagi: mashine nyingi za aina hiyo zina plagi za kwao wenyewe, na alimentasio ya kawaida haiingii bila waya wa kubadilishia. Kwa hiyo kuziongeza nguvu baadaye ni kazi. Lakini kwa mwenye makuta kidogo, wati 275 za kweli zinashinda 500 za uongo.

Wengine watasema: shida si kisanduku, shida ni umeme wenyewe. Wana haki nusu. Lualaba ni inchi ya maji na mabwawa. Nzilo ina megawati 108, N'Seke 248, na Busanga, lililojengwa na washirika wa Sicomines kwenye mto huohuo wa Lualaba, lina 240. Pamoja na hayo migodi inakula sana kiasi kwamba makampuni yananunua umeme mwingine kutoka Zambia, na mkaaji wa mtaa anabaki na delestaji. Katika Kongo nzima, ni karibu mtu 1 tu kati ya 5 anayepata umeme. Hayo ni mashitaka mazito na yanastahili makala yake. Lakini umeme mbaya si sababu ya kununua alimentasio mbaya. Ni sababu ya kununua nzuri, kama vile njia mbaya ni sababu ya kutafuta gari lenye springi nzuri.

Maana umeme wa mtaani unafanya mambo matatu. Unashuka: jioni, wakati kila nyumba imewasha jiko, volti 220 zinakuwa 180 ao 160. Unakatika. Na unaporudi, unarudi kwa kishindo. Alimentasio ya kisasa yenye maandishi 100-240V inakubali kushuka huko bila shida, kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya inchi zote, za volti 110 na za volti 230. Ile ya bei ya chini imeandikwa 220V ao 230V peke yake, na mara nyingi ina kiswichi chekundu nyuma chenye namba mbili, 115 na 230. Kiswichi hicho kimeua kompyuta nyingi. Mtoto anakisukuma kwa udadisi hadi 115, mtu anachomeka kwenye 220, na mlio wake unasikika hadi kwa jirani. Mwenye kisanduku cha namna hiyo akifunge kwa utepe siku ileile anapokileta nyumbani.

Kuhusu kukatika, kanuni ya ATX inadai alimentasio iendelee kutoa umeme kwa sekunde elfu-moja-ya 16 ao 17 baada ya ukuta kunyamaza. Ni muda mdogo kuliko kupepesa jicho, lakini onduleri nyingi zinahitaji chini ya hapo ili zishike mzigo. Kisanduku kilichoondolewa kondensateri kubwa hakifiki huko. Ndipo mtu ananunua onduleri, umeme unakatika, kompyuta inazimika vilevile, na lawama zote zinaenda kwa onduleri. Nayo onduleri ina namba yake ya uongo mdogo: 650VA zinabeba mara nyingi wati 360 ao 390, si 650.

Kasaji mambo ni mengine kidogo, na labda mtu wa huko anaweza kufundisha wa mjini. Mwenye kuishi kwa panneau za jua na betri anaijua thamani ya kila wati kwa sababu anaiona ikiondoka. Tuchukue betri 2 za risasi za volti 12 na amperi-saa 200. Kwa karatasi zina wati-saa 4 800, lakini anayetaka zidumu atatumia nusu, 2 400, na konvertiseri nzuri itakula sehemu moja ya kumi, zibaki 2 160. Kompyuta ile ya wati 310 ikiwa na alimentasio inayopoteza asilimia 30 inavuta wati 443 kutoka kwenye konvertiseri. Ikiwa na alimentasio yenye kupoteza asilimia 12, inavuta 352. Ongeza wati 30 za skrini kila upande. Wa kwanza anacheza saa 4 na nusu, wa pili saa 5 na nusu na dakika kadhaa juu. Saa nzima ya ziada kila usiku, bila kuongeza betri, bila kuongeza panneau. Na zile wati 91 za tofauti hazikupotea hewani hivihivi: ziligeuka joto ndani ya kisanduku, pale pale kwenye kondensateri.

Joto ni habari yenye uzito wake. Kondensateri zimeandikwa nyuzi 85 ao 105, na kanuni ya mafundi inasema kila nyuzi 10 za kupoza zinaongeza maisha yake mara mbili. Vumbi jekundu la Lualaba linafanya kinyume. Linaziba feni, linajaza nafasi kati ya vipande vya aluminiumu, na kisanduku kilichokuwa na nyuzi 50 kinapanda hadi 70 bila mwenye nyumba kujua. Kupuliza vumbi kila mwezi kwa pampu hakugharimu kitu. Kufungua kisanduku chenyewe ni jambo jingine: ndani ya kondensateri kubwa kunabaki volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya, na wanaofungua bila kujua hilo wanacheza na roho yao.

Alama ya 80 PLUS, iliyoanza 2004, ndiyo inayosaidia kuchagua upande huu. Ya chini inaahidi upotevu usiozidi asilimia 20. Bronze inafika ufanisi wa asilimia 85 kwenye nusu ya mzigo, Gold 90, kwa upimaji wa volti 115, na kwenye volti 230 mambo yanakuwa mazuri zaidi kidogo. Kwa nyumba ya betri, Gold inaweza kurudisha bei yake. Kwa mwenye umeme wa mtaani, Bronze inatosha kabisa, na yeyote anayemlazimisha kununua zaidi anatafuta faida yake. Alama yenyewe inaweza kubandikwa na mwongo yeyote mwenye mashine ya kuchapa. Orodha ya kweli iko kwenye intaneti, kwa jina la kampuni na namba ya modeli, na kuitafuta kwenye simu mbele ya duka kunachukua dakika 2 kama réseau iko.

Tena alama hiyo inapima ufanisi, haipimi usalama. Wala jina kubwa halimalizi maswali. Mwaka 2021, wakati kadi za grafiki zilipokuwa adimu duniani, duka la Newegg la Marekani liliziuza zikifungwa pamoja na alimentasio za Gigabyte, mfano P750GM, ya wati 750 na Gold. Wapimaji huru waliziona zikilipuka kwenye meza zao za majaribio. Mwezi wa 8 mwaka ule kampuni yenyewe ilitangaza kushusha kipimo ambacho kinga ya mzigo inazimia, kutoka asilimia 120 hadi 150 ya wati zake, kikawa 110 hadi 120, na ikakubali kubadilishia wateja. Mnunuzi wa Marekani alirudisha kisanduku kwa posta. Wa Kasaji angekirudisha wapi? Garanti iliyoandikwa miaka 5 kwenye boksi inaishia pale muuzaji anaposema «hiyo ni mambo ya kiwanda». Kwa hiyo huku kinga zilizo ndani ya kisanduku ndizo garanti: ya volti kuzidi, ya amperi kuzidi, ya nyaya kugusana, ya joto. Kisanduku kizuri kikishindwa kinazimika peke yake na kuacha vingine vikiwa hai. Kibaya kikishindwa kinapeleka volti zisizotakiwa kwenye kadi mama na kadi ya grafiki, na akiba ya mwaka mzima inaondoka kwa harufu ya plastiki. Mara nyingine inaondoka na pazia na kitanda pia.

Wako wazazi watakaosema kwamba yote hayo ni kelele kwa ajili ya mchezo tu. Mashine ile ya mchezo, mchana, ndiyo inayokata video za harusi, inayochapa barua za wanafunzi na kupanga picha za kampeni. Kijana aliyekopa kwa yaya yake ili aijenge anaihesabu kama mwingine anavyohesabu pikipiki. Hakuna anayemwambia mwendesha pikipiki kwamba breki ni anasa.

Basi mzigo hauwezi kubaki kwa mnunuzi peke yake. Bidhaa nyingi zinaingia kupitia Kasumbalesa, na inchi ina ofisi ya ukaguzi, OCC, yenye kazi ya kupima ubora wa vitu vinavyotoka nje. Kupima kisanduku kimoja kutoka kila shehena kwa mzigo wa kweli hakuhitaji maabara ya Ulaya. Sheria ya migodi ya 2018 inapeleka asilimia 15 ya redevansi kwa vyombo vya utawala wa chini vya mahali penye migodi, na kuna fedha nyingine za lazima za maendeleo ya jamii, asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni. Sehemu ndogo sana ya hayo ingetosha kuweka meza ya kupimia katika shule moja ya ufundi ya Kolwezi, ambapo wanafunzi wangejifunza na wauzaji wangeleta bidhaa zao. Ni pendekezo dogo kando ya barabara na hospitali, na hiyo ndiyo nguvu yake: halina kisingizio.

Wakati huo ukingojewa, fundi wa mtaani ana vyote anavyohitaji kwenye gareji ya jirani. Taa ya mbele ya gari ni ya volti 12 na wati 55, sawa na alimentasio inavyotoa. Taa 4 ni wati 220, karibu amperi 18, zile zile ambazo kisanduku cha bluu kinadai. Taa 8 ni wati 440, ambazo kisanduku cha wati 550 chenye amperi 40 kinabeba bila kutoka jasho. Waya wa kijani kwenye plagi kubwa unaunganishwa na mmoja mweusi ili kisanduku kiwake. Taa zinaongezwa moja moja, kwa sababu taa iliyo baridi inavuta sana mwanzoni, na zinagawanywa kwenye nyaya kadhaa za njano, si kwenye mmoja. Multimetre inawekwa kati ya njano na nyeusi. Kanuni inaruhusu asilimia 5 tu juu ao chini: kati ya volti 11.4 na 12.6. Nusu saa, mlango wazi, watoto mbali, na mteja amesimama pale pale na makuta yake bado mfukoni. Muuzaji anayekataa kipimo hicho kwa kisanduku alichokisifu amekwisha kujibu.